Usimpige, Huenda ni Baba Yako

Masumbwe,
11 Februari 2024

Mwanangu Jilala,

Mwangaluka. Mimi mama yako ni mzima, mbuzi ni wazima, na mahindi ya kule bondeni yamesimama vizuri baada ya mvua ya juzi. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ameniapia ataifikisha mkononi mwako hapo dukani kwa Chirag. Nimeandika kwa sababu simu yangu unaijua, ukipiga inaongea kama spika ya mkutano, na jambo hili silitaki masikioni mwa majirani.

Mama Juliana alikwenda Geita wiki iliyopita kumwona binti yake aliyejifungua. Alipopita Kalangalala akakuona. Anasema hukuwa unauza nyaya za umeme kama ulivyoniambia. Ulikuwa chumba cha nyuma, madirisha yamezibwa kwa mapazia, vijana wamejaa kwenye mabenchi, na wewe umeshika kitu mkononi unawapiga risasi misukule kwenye kioo. Wanatoka ardhini, wanapanda madirishani, nguo zimechanika, macho yanawaka, nawe unawapiga tu. Na wenzako wanakushangilia, wanakuita komandoo.

Nilimwambia ameona vibaya. Lakini tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Jilala, mwezi ujao inatimia miaka saba tangu baba yako aende machimboni asirudi. Unajua watu walisema nini. Maji yalipovamia lile shimo walitolewa watu sita, wakatajwa majina, wakazikwa kwao. Baba yako hakuwemo kwenye waliokufa wala kwenye waliopona. Wakasema amechukuliwa, amefanywa msukule, anamchimbia mtu dhahabu mahali ambapo sisi hatuoni. Mimi sikukubali wala sikukataa.

Sasa nakuuliza, unijibu kweli. Hicho kioo kinaonyesha wapi? Na hao mnaowapiga, umewahi kuwatazama usoni? Ukimwona mmoja mrefu, bega la kulia limeshuka, usimpige. Huenda ni baba yako.

Ni mimi mama yako,
Scolastika


Kalangalala, Geita,
15 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, kondakta aliileta hadi kaunta. Nilipofika mstari wa mwisho niliwatoa wateja wote, nikawaambia mashine zimepata hitilafu, nikafunga mlango nikakaa peke yangu.

Kwanza nisamehe. Sikukudanganya kila kitu. Nyaya nauza kweli, asubuhi. Mchana Bwana Chirag ananiweka chumba cha nyuma, kuna televisheni nne na mashine za gemu, watu wanalipa wanacheza, mimi nawasimamia, na wakikosa mwenzao nacheza nao. Nilijua ukisikia gemu utasema nimekuwa mhuni wa mjini.

Mama, wale si watu. Kioo hakionyeshi mahali popote. Ni michoro inayotembea, imetengenezwa ng'ambo, kama katuni za watoto. Gemu yenyewe ni ya vita ya zamani, ile ambayo Waingereza walimpeleka babu yake baba hadi Burma. Unakuwa askari, una bunduki za wakati ule, unapigana na Wajerumani. Ukishamaliza vita kuna sehemu nyingine pembeni, humo askari waliokufa wanaamka. Wenye gemu wanawaita mazombi. Sisi tunawaita misukule kwa sababu ndilo neno tulilo nalo, na hapo ndipo tulipokutisha.

Kila mahali pa kuchezea panaitwa ramani. Kuna ramani ya nyumba iliyobomolewa, kuna ya kiwanda, kuna ya stesheni ya treni. Mnaingia wawili au wanne. Wao wanakuja kwa raundi. Raundi ya kwanza ni wachache na wanajikokota, kadiri mnavyoendelea wanakuwa wengi na wanakimbia. Mnaziba madirisha kwa mbao, wanazing'oa, mnaziba tena. Mwenzako akiangushwa una muda mfupi sana wa kumfikia na kumwinua, ukichelewa ndiyo basi. Na hakuna kushinda, Mama. Hata bingwa mwisho anakufa. Watu wanashindana nani atachelewa.

Baba sijamwona humo. Lakini umetaka kweli, nami nakupa kweli: kuna wakati huwa nawatazama usoni.

Mwanao,
Jilala


Masumbwe,
25 Februari 2024

Mwanangu Jilala,

Marahaba. Nimekuelewa. Nilimwomba mwalimu wa kwaya anionyeshe katuni kwenye simu yake, nikaona paka anabondwa na nyundo, analala kama chapati, halafu anasimama anaondoka. Nikasema basi, kumbe ni mchezo. Nimecheka peke yangu njia nzima. Kazi ya Chirag endelea nayo, mradi ni halali na usisahau kanisa.

Na kwa kuwa umenieleza kweli, nami nikueleze nilichokuficha ulipokuwa shule. Lile dume letu jekundu la ng'ombe halikufa kwa ugonjwa. Nililipeleka kwa mganga wa ng'ambo ya mto, aliyesema anaweza kumrudisha baba yako. Alilichukua, na baba yako hakurudi. Kingine, shangazi zako walinijia mwaka ule ule. Walisema ni mimi niliyemficha ndugu yao, nimemuuza kwa matajiri wa dhahabu. Waliingia stoo, mmoja ameshika panga, akawa anachoma magunia ya mpunga moja moja asikie kama kuna mtu atalia ndani.

Matanga sikuweka. Padri alinisema, sikumsikiliza. Ningewezaje kumzika mtu ambaye huenda ananisubiri? Wanasema msukule hulishwa pumba. Miaka yote hii nikitwanga mpunga siwezi kuzitazama pumba.

Nimebakiwa na swali moja kuhusu mchezo wenu. Umesema mtu akiangushwa mwenzake anaweza kurudi kumwinua. Hapo kwenu, ni nani anayerudi? Wengi watakuwa wanakimbia, hilo najua. Nitajie anayerudi.

Mama yako,
Scolastika


Kalangalala,
5 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome. Kama uko stendi, nenda nyumbani.

Uliuliza nani anayerudi. Ni mmoja tu. Ana miaka kama arobaini, anafanya kazi kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu, na huja Jumapili baada ya misa akiwa bado na vumbi jeupe masikioni. Sisi tunamwita Kaka Mkubwa. Kupiga hajui. Lakini ukiangushwa, hata kama misukule wamekuzunguka kama nyuki, yeye anaacha kila kitu anakuja. Matokeo yake mnakufa wote wawili. Vijana hawataki kuwa upande wake, kwa hiyo huwa nacheza naye mimi.

Juzi Jumapili tulikuwa na ramani mpya. Iko chini ya ardhi, kwenye mgodi wa zamani. Kuta zimezuiwa kwa magogo, ngazi ni za miti, na ikifika raundi ya tano maji yanaanza kupanda. Tuliingia mimi na yeye. Maji yalipofika kiunoni mwa askari wangu nikaangushwa.

"Kaka, niko kwenye ngazi, niwahi!" nikamwambia.

Hakuja. Nikageuka. Pedi ya kuchezea iko sakafuni, na yeye amesimama ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Zima," akasema.

"Kaka, ni gemu tu."

"Zima, Jilala. Bujiku yumo humo."

Mama, hapa Geita sijawahi kumtajia mtu jina la baba. Hata Bwana Chirag halijui.

"Bujiku gani?"

"Bujiku wa Masumbwe. Aliingia amevaa koti langu."

Nikamwambia, "Mimi ni mwanawe."

Aliketi sakafuni. Wateja wakatoka wenyewe, hakuna aliyewafukuza. Akaanza kusimulia, na alipofika katikati nilimkamata shati, nikainua ngumi. Sitakuficha. Hakujikinga. Akasema tu, "Piga, nimekusubiri muda mrefu." Nikamwachia.

Aliyoniambia sitayaandika mimi. Ameomba akuandikie mwenyewe, na karatasi yake nimeiweka ndani ya hii. Jina lake ni Athanas.

Mama, baba si msukule. Hilo shika kwanza, ndipo ufungue.

Mwanao,
Jilala


Kalangalala,
5 Machi 2024

Kwa Mama Jilala,

Shikamoo shemeji, ingawa hatujaonana. Mimi ni Athanas wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Kwenye karatasi nilikufa tarehe 14 Machi 2017.

Mume wako alikuwa rafiki yangu. Tulichimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, tukala sufuria moja. Siku ile zamu yake ilikuwa imekwisha, iliyofuata ilikuwa yangu, nami nilikuwa na malaria, meno yanagongana. Alisema, "Lala. Naingia badala yako, kwenye daftari liandikwe jina lako wasije wakakuondoa. Nipe na koti, chini kuna baridi." Nikampa. Mfukoni mlikuwa na kadi yangu ya kupigia kura.

Maji ya shimo la jirani, lililokuwa limeachwa, yalivunja ukuta yakaingia kwao. Waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kuitana. Walikuwa sita, na daftari lilikuwa na majina sita, langu likiwemo. Bujiku alipatikana siku ya nne. Uso ulikuwa umeharibika. Wakamtambua kwa koti na kadi, akapelekwa Ngokolo kwa mama yangu kama mimi.

Nilikuwa kibandani nasikia jina langu likisomwa. Nilitaka kutoka niseme, shemeji. Nilifika mlangoni. Lakini mambo ya machimboni unayajua. Mtu amekufa kwenye zamu yako, kwa jina lako, ndani ya koti lako, na wewe unapumua. Wangesema nimemtoa kafara. Nikakimbia, sikusimama mpaka Chunya; huku Geita nimekuja mwaka jana.

Baadaye nilipopata akili nikaogopa jambo jingine. Mama yangu Vumilia ni mzee, ni mjane, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Huku kwetu unajua mwanamke wa namna hiyo anavyotazamwa. Mtoto aliyekwisha kuzikwa akionekana mlangoni kwake, watasema ni yeye aliyemfanya msukule. Atakatwa mapanga kwa ajili yangu. Kwa hiyo nimekaa kimya, na kila mwaka wa kukaa kimya umeufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Mume wako hayuko kwa mtu. Hamchimbii mtu. Alikufa siku ile ile, kwa kunifanyia wema. Amelala makaburini Ngokolo, juu yake kuna msalaba wenye jina langu. Utakaloniamuru nitalifanya. Ukisema niende polisi, nakwenda leo.

Athanas


Kalangalala,
28 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Ni wiki tatu. Simu yako haipatikani. Kondakta anasema alikukabidhi barua mkononi, hukwenda nyumbani, ukaisoma hapo hapo umesimama, ukaikunja ukaondoka bila kumuaga.

Athanas anakuja kila siku akitoka kazini. Hachezi. Anakaa kwenye benchi la nje, ananiuliza, "Amejibu?" Nikisema bado, anashukuru, anaondoka. Bwana Chirag nimemweleza. Akaenda mwenyewe akaifuta ile ramani kwenye mashine zote nne.

Jumamosi nikikosa neno lako napanda basi. Andika hata mstari mmoja.

Jilala


Masumbwe,
6 Aprili 2024

Mwanangu Jilala,

Marahaba. Nilimwambia kondakta akuzuie usije, na nimeshukuru umesikia. Simu niliizima mwenyewe. Sikutaka sauti ya mtu yeyote.

Siku za kwanza nilimchukia Athanas hadi nikaumwa kichwa. Nilikwenda shambani nikapalilia mpaka jembe likachomoka mpini. Miaka saba! Miaka saba mimi napiga magoti kwa waganga, na yeye alikuwa anajua. Angeweza kutuma hata karatasi isiyo na jina. Nilikuwa nimeamua kukuambia umpeleke polisi.

Halafu nikaisoma tena barua yake. Mara ya kwanza ile sehemu ya mama yake niliipita kama mtu anayeruka dimbwi. Mara ya pili nikasimama hapo. Nikaona shangazi zako stooni kwangu, nikasikia lile panga linaingia kwenye magunia. Mimi nilikuwa bado na miguu ya kukimbia. Mama yule hana.

Sasa mwambie hivi. Asikanyage Ngokolo mpaka nimwite. Natangulia mimi. Wakimwona yeye kwanza, watasema msukule. Lakini nikisimama mimi, mke wa Bujiku, nikasema kaburi hili ni la mume wangu, nani atanibishia? Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kusema hivyo.

Usimwambie nimemsamehe. Bado. Nakwenda kwa ajili ya mume wangu, na kwa ajili ya huyo mama.

Scolastika


Ngokolo, Shinyanga,
22 Aprili 2024

Mwanangu mpendwa Jilala,

Mwangaluka mwanangu, mwangaluka sana! Nakuandikia nikiwa barazani kwa Mama Vumilia. Yeye yuko jikoni na mwanawe, nasikia wanabishana kuhusu chumvi.

Nilifika Jumatano. Nilimkuta peke yake anachambua maharage. Nikamwambia natoka Masumbwe, mume wangu alipotelea machimboni mwaka ule ule aliofiwa yeye. Akanipa pole kabla mimi sijampa.

Nikamuuliza, "Mama, walipomleta mwanao, ulimwona?"

"Uso walinikatalia. Niliosha miguu tu."

"Mguu wa kushoto ulikuwaje?"

Akaacha maharage. Akasema kwa sauti ndogo, "Kidole cha mwisho hakikuwepo."

Wewe ulikuwa bado mgongoni siku plau ilipomkata baba yako kidole hicho. Nilikifunga mimi kwa kitenge changu.

"Athanas nilimzaa na vidole kumi," akasema. "Nilijiambia mgodi umemkata. Miaka saba najiambia hivyo. Nimepalilia lile kaburi, nimemwombea aliyemo, lakini jina nilikuwa silitaji. Niliona nitakuwa namdanganya Mungu."

Nikamwambia mwanawe yu hai. Hakupiga kelele, Jilala. Alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Funga mlango. Nani mwingine anajua?" Hapo nikajua Athanas hakuniandikia uongo. Mama huyu aliogopa kabla ya kufurahi.

Tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa katekista. Mwenyekiti alinihoji kama karani wa mahakama, nikamwonyesha cheti cha ndoa na ile barua. Akasema jambo hili lifanyike hadharani, jua likiwa juu. Ndiyo maana nilikupigia umpandishe Athanas basi la jana alfajiri.

Watu walijaa baada ya misa. Nilisimama mbele yao, sauti ikatoka. Niliwaeleza yote, zamu, koti, kadi, kidole. Mzee mmoja akapaza sauti, "Mfu harudi!" Nikamjibu, "Kweli, harudi. Aliyekufa ni mume wangu na hajarudi. Huyu anayekuja hakufa."

Athanas aliposhuka kwenye bajaji umati ulirudi nyuma wote kwa pamoja. Alisimama barabarani, hakuthubutu kusogea. Mama yake akaenda na fimbo yake polepole. Alimshika sikio, akalivuta kama la mtoto mtundu, akasema, "Umekonda." Halafu akamlalia kifuani.

Bado wengine walikuwa na mashaka, maana wanasema msukule hukatwa ulimi. Mwenyekiti akamwambia, "Sema. Nani alikufundisha darasa la kwanza?" Athanas akajibu, "Mwalimu Paskalina." Kumbe mwalimu mwenyewe yuko pale, ni bibi sasa, amekaa kwenye kiti. Akasema, "Ndiye. Na alikuwa mtoro." Watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko kile hakuna aliyeogopa tena. Wanawake wakaanza kumgusa mikono. Mwenyekiti anasema sasa aende ofisi za serikali kuthibitisha kwamba yuko hai, na kwamba itachukua muda, maana cheti cha kifo ni rahisi kukipata kuliko kukirudisha.

Kisha tukaenda makaburini. Pamefagiliwa vizuri kuliko kaburi lolote la pale, kuna maua ya njano pembeni. Athanas alipiga magoti. Nilimpa mkono nikamwinua. Maneno ya msamaha hayakuja, ila mkono nilimpa, na sikuuondoa haraka. Mama Vumilia akaniuliza kama nitamhamishia Bujiku Masumbwe. Nikamwambia hapana, akae hapa alipotunzwa. Seremala amechukua msalaba akaandike jina jipya.

Jumamosi kuna misa yake, saa nne. Omba ruhusa kwa Chirag, vaa shati jeupe, usichelewe. Shangazi zako nimewapelekea habari. Wakija, wapokee vizuri.

Mimi ni mzima, mwanangu. Nimelala siku nzima ya leo kama mgonjwa aliyepona homa. Lakini jana, pale kaburini, nililia. Nililia kwa sauti yangu yote, jua la saa saba likiwaka, na wanawake wa Ngokolo nisiowajua wakanishika huku na huku wakalia pamoja nami. Mmoja alichelewa kufika, akauliza, "Tunamlilia nani?" Nikamtajia jina lake na la baba yake na la kijiji chake. Akaitikia, akavua viatu, akaketi karibu yangu, tukaendelea.

Mama yako,
Scolastika, mjane wa Bujiku